Kipimo cha Mguu wa Kushoto

Kitswamba, 9 Februari 2012

Kwa Fundi Jean-de-Dieu, Bwera.

Salamu nyingi, Fundi. Hunijui. Naitwa Akidi, binti wa mzee aliyefanya kazi kiwanda cha saruji mpaka mapafu yakamkatalia, Mungu amrehemu. Sasa naishi hapa Kitswamba na mama yangu. Jina lako nimelipata kwa Semu, dereva wa teksi ya Mpondwe. Anasema Bwera kuna Mkongomani anayeweza kuifanya baiskeli imkubali mtu yeyote, hata mwenye mguu mmoja.

Mimi ninayo miwili, ila haielewani. Wa kushoto ni mfupi. Si sana.

Mwezi uliopita kijiji kilinichagua kuwa mhudumu wa afya, nikapewa baiskeli ya kuzungukia wagonjwa. Msimamizi wetu, Bwana Kosiya, ametangaza kwamba tarehe 30 Machi kila mhudumu atapanda mbele yake hadi Karusandara, na asiyeweza atarudisha baiskeli na kazi yenyewe. "Hii gali ni ya kufikia wagonjwa," alisema, akimaanisha baiskeli, "si ya kuanikia nguo." Watu walicheka, nami nikacheka kuliko wote, kisha nikaenda nyuma ya kanisa nikakaa peke yangu. Pedali ya kushoto ikifika chini mguu wangu unabaki hewani. Nimeambiwa Kampala kuna vyuma maalumu vya watu kama mimi, lakini hivyo ni vya wenye nazo.

Kazi hii naitaka, Fundi. Sijawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote, watu wakainua mikono na mimi nikiwaona.

Tafadhali usinipigie simu. Simu yetu ni ya nyumba nzima, na ukuta wetu haufichi kitu. Habari za mguu wangu sitaki zifike kwa jirani. Andika, umpe Semu.

Ni mimi,
Akidi

---

Bwera, 15 Februari 2012

Dada Akidi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Tangu tulipokimbia Butembo, mimi na mke wangu Marie-Louise na sanduku langu la spana, sijaandikiwa na mtu ila watu wa ofisi ya wakimbizi, na wao huandika shida zao tu.

Kwanza, usimwamini Semu. Mtu wa mguu mmoja sijamtengenezea. Niliyemtengenezea alikuwa na mguu na nusu, na bado alilalamika.

Sasa tuseme kazi. Mimi nakaa kando ya barabara ya Mpondwe, natengeneza kinga za wapagazi wa mpakani. Kinga ndiyo baiskeli, kwetu tunaita hivyo. Kwa mguu mfupi, Kampala huihitaji. Kama tofauti ni ndogo, nainua pedali: napigilia gogo dogo la mti, juu yake kipande cha tairi, na mkanda wa mpira wa kushika mguu usiteleze. Kama tofauti ni kubwa, gogo peke yake ni hatari, maana linakuwa refu na mguu unayumba juu yake. Hapo nafupisha na ule mkono wa chuma unaobeba pedali. Wengine hutoboa tundu jipya katikati ya mkono, lakini pedali ya kushoto ina hesi, ile mikato ya skrubu, zinazozunguka kinyume, na kifaa cha kuzikata hizo sina. Kwa hiyo natafuta mkono wa baiskeli ya mtoto iliyokufa. Ule ni mfupi tayari, na hesi zake ni za kushoto tangu kiwandani. Soko la Mpondwe halikosi vitu vilivyokufa.

Yote hayo yanategemea kipimo, kwa hiyo nisikilize vizuri. Simama peku ukutani. Weka madaftari chini ya mguu mfupi, moja moja, mpaka mifupa miwili ya nyonga iwe sawa. Kisha pima unene wa madaftari kwa kamba, ikate, unitumie hiyo kamba. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Ukiinama kujitazama, nyonga zinainama na wewe. Lazima mwingine apige magoti, ashike kamba, akutazame.

Nitumie na pedali yenyewe. Kumbuka, ya kushoto hufunguliwa kinyume.

Wako,
Jean-de-Dieu

---

Kitswamba, 27 Februari 2012

Fundi wangu,

Pedali hiyo, na kamba nimeifunga kwenye karatasi isipotee. Kama unavyoona ni fupi, sentimita mbili tu. Mama alinishikia, tulifanya vile vile ulivyosema. Nadhani gogo litatosha, usijisumbue na mkono wa mtoto.

Tafadhali usichelewe. Wenzangu wanapanda kila jioni barabarani, nami nawaambia yangu ina pancha.

Akidi

---

Bwera, 12 Machi 2012

Dada Akidi,

Sentimita mbili! Kwa barua yako ya kwanza nilidhani mambo ni makubwa. Mshukuru Mungu, wapo wanaotamani mguu wako.

Gogo ni la mkaratusi, halipasuki. Mkanda nimeupima kwa mguu mtupu au ndala. Usipande na kiatu chenye soli nene, hakitaingia, na bila mkanda mguu utateleza. Mpira wa mkanda ni mpya kabisa, hautakatika.

Nenda ukamwonyeshe huyo Kosiya mahali pa kuanikia nguo.

Jean-de-Dieu

---

Kitswamba, 2 Aprili 2012

Fundi,

Nimeanguka. Ilikuwa ile Ijumaa yenyewe, kwenye mteremko wa kijito kabla ya Karusandara, na Bwana Kosiya yuko nyuma yangu kwa pikipiki. Sanduku la dawa lilifunguka, pakiti za maji ya chumvi zikaelea mtoni, watu wa soko wakasimama kutazama. Goti limeshonwa nyuzi sita.

Mkanda wako ulikatika.

Bwana Kosiya amenipa nafasi moja tu, Jumamosi tarehe 19 Mei. Nikishindwa, baiskeli inakwenda kwa Ahumuza, aliyekuwa wa pili siku nilipochaguliwa, na ambaye tayari ameanza kuja kuipangusa vumbi.

Nitengenezee nyingine, Fundi. Iwe ndefu zaidi ya hii.

Akidi

---

Bwera, 10 Aprili 2012

Dada Akidi,

Nimekaa na barua yako siku nne bila kujua nikujibu nini. Marie-Louise aliniuliza kama kuna mtu amekufa.

Nilikuandikia kwamba mpira ule ni mpya. Si kweli. Ulikuwa mpira wa zamani, una kiraka upande wa ndani, nami nilikigeuza kiraka kitazame chini usikione. Nilijiambia utashika, kwa sentimita mbili mkanda haubebi uzito. Wewe hunijui, uliniamini kwa karatasi tu, nami nikakutumia kiraka na neno la uongo. Nyuzi sita za goti lako nazihesabu kila nikikaa kazini. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja, na sijawahi kuona aibu ya namna hii.

Kwa hiyo siwezi kukutengenezea nyingine. Tafadhali nielewe. Mkono uliokuangusha mara moja haufai kukuinua. Mtafute fundi wa Kasese, mjini wapo wengi wenye vifaa vizuri.

Nisamehe.
Jean-de-Dieu

---

Kitswamba, 16 Aprili 2012

Fundi,

Usiseme hivyo. Mkanda ni kitu kidogo, vitu hukatika. Sina kinyongo. Fundi wa Kasese nilimwendea, aliniangalia mguu akacheka, akasema ninunue pikipiki.

Wewe tengeneza tu. Safari hii gogo liwe la sentimita tano, au fanya ule mkono wa mtoto. Usiniulize kwa nini.

Akidi

---

Bwera, 22 Aprili 2012

Dada Akidi,

Hapana. Kipimo chako ni sentimita mbili, kamba ninayo hapa kwenye sanduku. Nikikupa tano utapanda ukiwa umepinda, utaharibu nyonga, na hiyo itakuwa dhambi yangu ya pili. Najua unachofanya. Unataka nisijisikie vibaya, unajifanya kipimo kilikosewa ili lawama iniondoke. Una moyo mwema, lakini usinidanganye kwa huruma.

Tena kazi hii ya miguu nimeiacha kabisa. Juzi alikuja Hardy, mpagazi wa hapa mpakani, aliugua polio utotoni. Baiskeli ya mizigo anayo, lakini anaisukuma tu, hajawahi kuipanda. Wenzake wakienda safari tatu yeye anakwenda moja. Alikuwa ananisubiri tangu Krismasi. Nikamwambia sifanyi tena, nimemwangusha mtu Kitswamba. Unajua alinijibu nini? "Fundi, miye naanguka kila siku bila hata kinga. Niangushe na kinga basi, niangukie mbele." Nilimfukuza, Dada. Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Akaenda zake akisukuma mzigo wake, nami nikabaki nimeshika spana.

Pole kwa kukuandikia haya. Sina mwingine wa kumwandikia.

Jean-de-Dieu

---

Kitswamba, 29 Aprili 2012

Baba Fundi,

Nakuita Baba kwa sababu haya ninayotaka kusema nisingeweza kumwambia fundi.

Mkanda wako haukukatika. Huu hapa, ndani ya kifurushi, utazame mwenyewe. Haujachanika hata uzi. Ulishindwa kukatika kwa sababu sikuufunga.

Na hiki kilichofungwa kwa gazeti ni kiatu changu cha kushoto. Kipindue uone soli. Ni vipande vya tairi juu ya vipande vya tairi, na nje vimepakwa rangi nyeusi ili vionekane kimoja. Cha kwanza kilitengenezwa na fundi viatu mmoja kule kwenye nyumba za wafanyakazi wa saruji nikiwa na miaka tisa, na kila nikikua hutengenezwa kingine. Mama alisema siku ile, nje ya nyumba hii hakuna atakayeuona mguu huu. Sasa nina miaka ishirini na sita na hakuna aliyeuona. Nalala nacho nikilala ugenini. Watu wa Kitswamba wanajua nachechemea kidogo. Wananichagua kwa kazi, wananiita kwenye harusi, wote wanaijua miguu ambayo si yangu.

Uliponiambia nisimame peku, nilifunga mlango. Nilianza kukivua, nikakirudisha. Nikapima nimekivaa, peke yangu, nikiinama. Zile sentimita mbili ndizo ambazo hata kiatu hakizifichi. Mama hakushika kamba yoyote. Alikuwa shambani.

Pedali ilipofika, kiatu hakikuingia kwenye mkanda, kama ulivyoandika. Nilijaribu peku chumbani, nimeegemea kitanda, mguu haukufika. Nikaona bora nipande na kiatu, mkanda nikauacha unaning'inia. Kwenye mteremko soli iliteleza juu ya tairi lako. Lakini kuanguka si kitu, Baba. Kiatu kilinitoka. Mwanamke mmoja muuza nyanya alikiokota, akakigeuza, akakitazama, akanitazama mguu, kisha akanipa kwa mikono miwili, kwa adabu, namna unavyompa kitu mgonjwa. Nikikumbuka mikono ile nataka ardhi inimeze. Nilikuandikia mkanda umekatika kwa sababu hilo lilikuwa rahisi kuandika kuliko jingine lolote.

Kisha ukaja kuniomba msamaha wewe. Ukaniungamia kiraka! Nilisoma ile barua nimesimama jikoni, nikaona aibu mpaka masikio yakawasha, na bado nikakujibu sina kinyongo. Nilijifanya mimi ndiye ninayekusamehe. Halafu Hardy. Mtu amefukuzwa hapo kwako kwa sababu ya kiatu changu, na mimi hata sura yake siijui.

Jana jioni nilimwambia mama nataka anishikie kamba. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliuliza, "Kamba ya nini?" Nikavua kiatu mbele yake, mlango uko wazi. Alitazama mlango kwanza. Nikasema uache. Nikasimama ukutani, akaweka madaftari yangu ya kliniki, moja, jingine, jingine, akapiga magoti. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji. Akasema, "Ni mimi nilikufundisha kuona haya." Ilikuwa kweli, ila sikutaka kumwambia ni kweli.

Kamba hiyo. Ni sentimita tano. Ahumuza alikuja leo asubuhi kuulizia baiskeli, akanikuta peku uani. Alisahau alichokuja kuuliza.

Kiatu kingine sina. Nimekutumia hicho ili nisipate njia ya kurudi nyuma kabla ya tarehe 19.

Mwambie Hardy ukweli. Na kama bado hunitengenezei, nitakuelewa.

Akidi

---

Bwera, 6 Mei 2012

Binti yangu Akidi,

Semu aliniletea kifurushi akasema, "Huyu dada ametuma kiatu kimoja, sasa yeye iko natembea namna gani?" Nikamwambia aulize barabara.

Nilikasirika. Nisikufiche. Nilisoma barua yako nikabwaga chini tupa yangu ya kusugulia chuma, nikamwambia Marie-Louise kwamba huyu mtoto amenilaza macho mwezi mzima kwa bure. Marie-Louise akaniuliza, "Na kiraka, ni yeye alikiweka?" Nimeuvuta mkanda ule kwa mikono miwili, nimeukanyaga, haukatiki. Lakini kiraka bado kiko pale na neno langu bado lilikuwa la uongo. Ni bahati tu kwamba hakikuniumbua. Basi tumekutana, wewe na mimi, katika aibu moja, na tusihesabiane.

Sasa kazi. Sentimita tano ni tofauti kubwa, gogo peke yake lisingeweza, ungeanguka tena hata ukilifunga kwa mnyororo. Nimepata mkono wa kushoto wa baiskeli ya mtoto, ni mfupi kuliko wako kwa sentimita mbili na nusu. Tundu la pini inayoushika mkono lilikuwa dogo, nimepiga tupa mpaka jasho. Mbili na nusu zilizobaki zimo kwenye gogo. Mwambie anayekufungia apige pini kwa nyundo, si kwa jiwe. Mkanda ni mpya. Safari hii ameukata Marie-Louise mwenyewe kwenye mpira ambao haujawahi kuingia upepo, na amesema nikuandikie hivyo.

Juu ya gogo nilihitaji tairi laini lililokwisha kuuzoea mguu wako. Nimeichana soli ya kiatu chako. Nisamehe, sikuuliza. Vipande viwili nimevipigilia pale, vilivyobaki nimeviweka. Urefu wako sasa uko kwenye baiskeli, kiatuni haupo tena. Kama nimekosa, nitukane kwa barua.

Hardy nimemwambia. Alicheka, kisha akakataa kupimwa. Siku zote alikuwa tayari, lakini nilipomwambia apandishe suruali hadi gotini na mimi nipige magoti, akasema atarudi kesho, na kesho hiyo haijafika. Hataki mimi nimtazame. Hataki mtu yeyote wa Mpondwe amtazame. Nilifikiri nikamwambia yupo dada mmoja Kitswamba anayejua kushika kamba. Hakusema ndiyo, lakini hakuondoka.

Ukishinda au ukishindwa hiyo tarehe 19, njoo na Semu. Nitakungoja stendi ya Bwera. Ila hatujawahi kuonana, na siku ya soko watu ni wengi. Nitakutambuaje?

Baba yako,
Jean-de-Dieu

---

Kitswamba, 20 Mei 2012

Baba,

Nimefika Karusandara na nimerudi. Baiskeli iko hapa, imeegemea ukuta wa jikoni, na Ahumuza ametafuta mambo mengine ya kupangusa.

Usidhani niliruka kwa furaha. Niliona aibu njia nzima. Watu walitoka nje kutazama mguu mtupu juu ya gogo, na kila waliponisalimu nilitamani kiatu changu. Pale kwenye kijito nilishuka breki zote mbili zimekazwa, nikilia waziwazi, pua inanitiririka. Yule muuza nyanya alikuwepo. Aliutazama mguu, akautazama mkono mfupi wa pedali, akauliza nani ametengeneza, maana ana mume nyumbani. Nilimpa jina lako. Bwana Kosiya aliandika kitu kwenye daftari lake, akasema, "Kumbe ni hivyo tu," akawasha pikipiki.

Kwamba umekichana kiatu, nilikasirika siku mbili. Ya tatu nilitembea hadi kisimani peku.

Mwambie Hardy nitakuja Alhamisi. Mimi nitavua kwanza, kisha yeye. Na kamba aishike yeye kwenye mguu wangu kabla sijaishika kwenye wake, ajue namna inavyokuwa kutazamwa na mtu anayeogopa pia.

Umeuliza utanitambuaje. Watu wakianza kushuka kwenye teksi ya Semu, usihangaike na nyuso. Tazama miguu.

Binti yako,
Akidi